Kibodi ya Nyuma ya Kalenda

Wiki hii ofisini wametuletea mfumo mpya wa kompyuta. Jana nilirudi nyumbani Bunju nimechoka, nikajikuta nagonga meza ya chakula kwa vidole, kama mama.

Mama alikuwa karani wa masijala, na sie tulikaa Kiwalani, ndege zikipita juu ya bati. Kompyuta za ofisini kwao zilikuwa mbili tu, kwa hiyo alichora kibodi nyuma ya kalenda ya zamani ili ajifunzie nyumbani. Alasiri moja chumba kilinuka dagaa wa kukaanga. Alidonoa karatasi kwa kidole kimoja, akakosea, akaanza upya.

"Miaka yote wanausifu mwandiko wangu," alisema bila kunitazama. "Leo natafuta herufi kama kuku."

Nikamuuliza atapumzika saa ngapi.

"Kesho wanatupima kuchapa, mwanangu."

Akasinzia palepale, shavu juu ya meza. Mie, mtoto wa darasa la pili, niliamini kila herufi iliyogongwa kwenye karatasi ile inafika ofisini moja kwa moja. Nikaivuta kalenda taratibu, nikagonga herufi moja moja: mama amechoka, mwacheni apumzike.

Kesho yake alirudi kabla ya adhana ya adhuhuri, ameshika kikombe chake cha chai cha ofisini. Akajilaza kitandani na viatu vyake. Hakwenda tena kazini.

Kwa muda mrefu nilijisifu kimoyomoyo kwamba barua yangu ilifika.