Khadija kwa Kha

Harufu ya chaki hunirudisha darasa la saba, Bagamoyo, asubuhi ambayo bibi yangu aliingia darasani kwetu kwa buibui lake jeusi, viatu kaviacha mlangoni kama anaingia msikitini.

Jina langu nimelirithi kwake, ndiyo maana hakuniita mjukuu, aliniita somo. Lakini daftari la shule liliniandika Hadija tangu darasa la kwanza, nami nikazoea. Wiki ile tulikuwa tunajaza fomu za mtihani wa mwisho. Mwalimu wetu, mtu mpole kutoka bara, alitutahadharisha kuwa jina tutakaloandika ndilo litakalokaa kwenye cheti maisha yetu yote. Nikamuuliza bibi niandike lipi. Kesho yake akaja shuleni.

Niwaambie kweli, niliona haya. Nilijua bibi hajui kusoma. Kila karatasi ya serikali aliitia dole gumba.

Mwalimu alimwamkia kwa adabu, akamweleza kwamba Hadija na Khadija ni mamoja, wengi huandika hivyo. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba chaki.

Akaandika ubaoni kutoka kulia kwenda kushoto, herufi za Kiarabu zimeshikana kama ukili wa mkeka. Chini yake akaliandika jina lile lile tena, ila herufi ya kwanza akainyima nukta yake.

"Hii ya juu ni kha, inatoka kooni," alisema. "Ukiiondolea nukta, mwanangu, hapo hapana jina la mtu."

Mwalimu akamuuliza nani alimfundisha. Akasema baba yake, katika chuo cha Kurani huko Pangani, na kwamba nyimbo nyingi za harusi tulizoziimba mtaani kwetu alizitunga na kuziandika yeye bibi mwenyewe.

Mwalimu akanipa kalamu. Nikaandika K, nikaandika h, taratibu, shingo imenirefuka kwa fahari, wenzangu wakinitazama kama mtoto wa sultani.

Bibi alipofariki, nikiwa mtu mzima, nilikabidhiwa kadi yake ya kupigia kura. Imeandikwa Hadija. Aliipokea hivyo na kuitumia miaka yote, kituoni wakimwita Hadija kwa sauti, wala sikuwahi kumsikia akilalamika. Ndipo nilipoelewa: kwa jina lake mwenyewe hakubishana na mtu. Alibishana kwa ajili yangu.