Siku Dada Alipofuta Gemu

Tulikuwa watatu katika nyumba ile ya Kipawa: dada yangu mkubwa, mumewe, na mie niliyehamia kwao baada ya kumaliza kidato cha nne. Shemeji alikuja na kompyuta kuukuu kutoka ofisini kwao waliponunua mpya. Aliitaka kwa gemu moja la vita tu, na kila jioni sebule ilijaa milio ya risasi. Dada akaigeuza chombo cha kazi. Asubuhi alichapa kadi za harusi, barua za kuombea kazi na ratiba za mazishi za watu wa mtaani.

Diski ilikuwa ndogo. Wakati huo alikuwa anachapa utafiti wa mwalimu mmoja wa Vingunguti, na kila akitaka kuhifadhi anaambiwa nafasi imekwisha. Akahamishia kadi za zamani kwenye flopi mpaka flopi zikaisha. Akafuta picha zote zilizokuja na mashine. Bado. Likabaki lile gemu, ambalo peke yake lilikula karibu nusu ya diski.

"Dada, shemeji atakuua," nilimwambia.

"Ataliweka tena. Si alilipata kwa rafiki yake?" Akabonyeza, akamwaga na pipa la taka la kompyuta ili nafasi ipatikane.

Shemeji alirudi magharibi, akawasha, akatafuta, akatafuta tena.

"Nani kafuta?"

"Mie, mume wangu. Nafasi iliisha, na kazi ya mwalimu..."

Aliing'oa kibodi na waya wake akampiga nayo usoni. Vitufe viliruka sakafuni pamoja na jino. Nilimdandia mgongoni, nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu. Akanitupa, nikajipigiza kwenye kabati la vyombo. Alimkanyaga dada mbavuni huku akiuliza, "Nani kafuta? Nani?" kana kwamba hajajibiwa.

Kisha akavuta kiti akashika mausi.

"Na mie nasafisha," alisema, akihema. Akasoma kwa sauti. "Harusi." Akabonyeza. "Msiba." Akabonyeza. "Mwalimu."

"Hiyo usiiguse," dada alisema kutoka sakafuni.

Akacheka, akabonyeza.

Dada alitambaa hadi jikoni, akarudi amesimama, mchi mkononi. Aliushusha kwenye mkono ule ulioshika mausi. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Akampiga tena begani, shemeji akaanguka chini ya meza akimwita mama yake. Mchi ulipoinuka juu ya kichwa chake niliudaka kwa mikono miwili.

"Dada, basi! Utafungwa!"

Akauachia.

Majirani ndio waliompeleka shemeji hospitali. Sie tulikwenda Temeke kwa shangazi, na kompyuta tukaibeba. Kesho yake, kwa kibodi ya kuazima, dada aliwasha akiwa na jicho moja lililofumba. Kazi zote zilikuwa bado kwenye pipa la taka la kompyuta. Shemeji hakujua kwamba vilivyofutwa hukaa humo mpaka mtu alimwage. Dada alivirudisha kimoja kimoja.

Baada ya wiki kadhaa shemeji alikuja na wazee wake kuomba suluhu, mkono ukiwa kwenye hogo la plasta. Alipoingia, aliitazama mashine kwanza, ndipo akamtazama dada. Shangazi akaliona hilo.

"Baba, umemfuata mke au kompyuta?"

Dada, aliyekuwa bado akivuta pumzi kwa kushika ubavu, akajibu badala yake:

"Nataka talaka yangu."

Aliipata kabla ya mfungo.