Sekunde Tisa za Kasiani

Mwaka 1951, katika shamba moja la mkonge nje ya Kilosa, Kasiani fundi mashine alikabidhiwa ndege isiyoruka. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kiti na usukani, limekalia mivukuto minne ya ngozi kama ile ya mhunzi. Hewa ikinyonywa huku na kule, sanduku huinama na kuinuka mithili ya ndege. Meneja alilinunua kwenye mabaki ya jeshi ili amfunze mpwa wake urubani. Mivukuto ilikuwa imeoza, basi Kasiani akaishona upya kwa ngozi za mbuzi za Metito, mfugaji wa mbuga ya Mkata. Kazi safi, alijisifu mwenyewe.

Ukweli wa sanduku ulipimwa kwa saa. Wakati wa masika meneja aliruka na ndege yake ya kweli, akapunguza mwendo mpaka pua ikaanguka, akahesabu: sekunde tisa ndipo ndege ikatengemaa. Kasiani akakaza na kulegeza vali za hewa hadi sanduku nalo likachukua tisa. Meneja akatia sahihi kwenye cheti cha kipimo.

Kiangazi kikakausha ngozi, hewa ikaanza kuvuja. Septemba Kasiani akapima tena, akapata tano. Yule mpwa wa meneja alikuwa akizoeshwa anguko fupi la upole ambalo angani halipo, na kijana huyo ndiye Mzungu pekee aliyemwita fundi badala ya boi.

"Bwana, sanduku linadanganya," alimwambia meneja. "Tulipime upya kabla hajaruka peke yake."

"Lilipimwa Aprili. Wewe umewahi kuruka?"

"Hapana, Bwana."

"Basi rudi kwenye mashine zako za mkonge."

Jioni mkewe Filomena alimsihi, "Baba Fausta, nyamaza, utafukuzwa." Hakunyamaza. Alimfuata kijana mwenyewe. Kijana akacheka kwamba mjomba wake ameshatia sahihi, akampigapiga begani. Ah, watu hawa na sahihi zao, Kasiani aliwaza.

Jumamosi Metito alifika anahema: ndege imeanguka mbugani, pua imezama ardhini, kijana hapumui tena.

Kasiani alilia mbele ya watu bila aibu. Kisha akashikilia jambo moja tu: polisi watakuja kutoka Morogoro, watalipima sanduku, wataona tano, watajua kwamba alionya.

Kabla hawajafika, meneja aliwatangazia vibarua kuwa fundi alishona ngozi vibaya, akaamuru sanduku litolewe uani lichomwe. Kiberiti alipewa Kasiani. Akawasha.