Muringa wa Guka Ndani ya Gari la Kijani

Nta ikipata jua hutoa harufu yake yote, hata ikiwa imechanganywa na mafuta na dawa za kopo. Wiki iliyopita mfanyakazi wangu aliacha kopo la nta ya kung'arishia magari wazi juani. Nilikuwa napita hapo simu ikiwa sikioni, namfokea mtu wa vipuri, na harufu ile iliponifikia nilisahau nilichokuwa nafokea. Nikakata simu, nikasimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Mimi nina gereji tatu sasa: Meru, Chuka na Embu. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa pia najisifu, kwa sababu niliacha shule darasa la saba na hakuna mtu aliyenishika mkono. Wenye digrii huniletea magari yao na kunisubiri kwenye benchi. Lete gari la zamani lililooza hadi kuku wanataga ndani, nami nitakurudishia ujione uso kwenye mlango wake. Lakini kazi hiyo, katika ukoo wetu, ilianzwa na baba, kwa gari moja tu. Na ninyi mnaosoma nitawaambia lilivyoishia, jambo ambalo kwenye meza za watu nimekuwa nikilisimulia nusu.

Tuliishi Majimbo, mjini Embu, miaka ya tisini. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja, na uwanja huo ndio uliokuwa karakana ya baba. Alikuwa seremala wa bodi za malori. Lori lilifika likiwa kichwa na chesisi tu, yeye akalivisha mbao, likaondoka kubeba makaa au mahindi. Mafundi wa chuma wa mjini walimwita fundi wa vitanda. Alisikia, akaendelea kupiga randa.

Bwana Murithi alikuwa msimamizi wa shamba la ngano kule Kiirua, Meru. Mzungu wa shamba lile alipohama alimwachia gari la spoti la viti viwili, boneti yake ndefu kama pua ya mbwa wa kuwinda. Lilikuwa limelala ghalani chini ya magunia miaka mingi. Murithi alilipeleka kwa mafundi wa chuma mmoja baada ya mwingine, na wote wakampa jibu moja: chini ya bati la gari hili hakuna chuma, kuna mbao, na mbao zimeliwa na mchwa. Ndipo akatuletea, likiwa juu ya lori.

Baba alilizunguka mara tatu. Akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, unga wa mbao ukamwagika chini.

"Fundi, utaweza?" Murithi akauliza.

"Bodi ni bodi," baba akasema. "Hii ni vile tu imenyolewa vizuri."

Kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani Nairobi mwanzo wa mwaka uliofuata, na watu wawili wa maonyesho hayo wangekuja Desemba kuona kama gari linafaa kuingia. Baba yangu sikuwahi kumwona akitaka kitu. Chakula alikula kilichoandaliwa, nguo alivaa iliyokuwa safi. Hilo alilitaka. Nilijua kwa sababu alianza kunyoa ndevu kila asubuhi kabla ya kuligusa.

Watoto wa Majimbo walining'ang'ania njiani. "Gari ya mbao! Mvua ikinyesha itaota majani!" Mmoja aliniuliza kama baba analitengenezea na godoro. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilipigana na watatu kati yao, na wawili niliwashinda.

Kuanzia Februari alivua bati la alumini kipande kwa kipande, akachonga mifupa mipya. Mimi nilisugua kwa msasa wa maji mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto mchanga. Ila kona mbili za nyuma zilimshinda. Pale bati linajipinda kama mgongo wa paka, na mbao iliyokatwa ili ipinde hupasuka.

"Ningepata mti wa muringa uliokauka miaka ishirini, na uwe umepinda wenyewe, ningemaliza," alisema. Kwenye maghala ya mbao mjini muringa wote ulikuwa mbichi.

Mimi nilijua ulipokuwa.

Agosti nilikwenda kwa cucu, mama yake baba, huko Kiambere, kwenye jua na miiba na mbuzi. Guka, mume wake, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa mtu wa nyuki, na mzinga wake mkubwa, gogo la muringa lililopasuliwa nusu mbili, kukombwa ndani na kufungwa tena, ulikuwa bado unaning'inia kwenye mgunga nyuma ya boma. Nyuki walikuwa wamehama wakati wa kiangazi. Kwetu mzinga wa marehemu haushushwi mpaka familia ikae na kusema ni wa nani, na cucu alikuwa amekataa familia isikae. Kila asubuhi alikwenda chini ya mti ule, akasimama, akasikiliza.

"Watarudi," aliniambia. "Wametoka kutafuta maji tu."

Niliona mzinga mtupu, nikaona bikizee anasikiliza hewa. Akili yangu ya miaka kumi na miwili ilipiga hesabu haraka. Siku ya mwisho ya likizo, alipokuwa kanisani, nilipanda na kamba ya ng'ombe, nikaushusha. Kwenye ubao wa nje guka alikuwa amechoma alama yake kwa chuma cha moto, duara na mistari mitatu, ili mtu yeyote ajue ni mzinga wa nani. Nikaipaka matope. Dereva wa lori la makaa, mteja wa baba, alinibeba hadi Embu mimi na mzigo wangu ndani ya gunia.

"Nimepewa na mzee mmoja wa huko," nikamwambia baba. "Hautumii."

Baba aliufungua. Harufu ya nta kuukuu ikatoka, tamu na nzito, kama nyumba iliyofungwa siku nyingi. Aliugeuza, akaupapasa ndani na nje, akakaa nao mapajani muda mrefu.

"Mwambie huyo mzee asante," akasema.

Nilifurahi sana. Nilijiona mwerevu kuliko Embu nzima.

Nusu moja ilikaa kona ya kulia, nyingine ya kushoto, kana kwamba mti ule uliota kwa ajili ya gari. Baba alizifunga mwenyewe nikiwa shuleni. Akarudisha bati, akaligonga kwa nyundo ya mpira, akalipaka fila ya kuziba mabonde, tukasugua, akapuliza rangi ya kijani kizito, tukasugua tena, akapuliza tena. Kufikia Desemba gari lile lilikuwa kitu cha kukufanya uvue kofia. Lilibakia jambo moja dogo: taa ya nyuma ya kulia ilikuwa bado haijafika, na mahali pake palikuwa na tundu lenye ukubwa wa yai.

Siku ya wageni jua lilikuwa kali. Cucu alikuwa amefika jana yake kutuona Krismasi. Habari ya mzinga alikuwa ameitoa akinywa chai, kwa sauti ya chini: mtu aliuiba Agosti. Baba alitazama kikombe chake. Mimi nilitoka nje.

Wale wawili wa Nairobi walipiga magoti, wakaangalia chini, wakapitisha viganja juu ya rangi. Mmoja akamwambia Murithi, "Nani alifanya hii?" na Murithi akamwelekeza baba kwa mkono wote, si kwa kidole. Nililiona bega la baba likinyooka.

Ndipo ukaja mvumo. Kwanza nilidhani ni mashine ya kusaga. Kisha hewa juu ya paa la jirani ikawa nyeusi, ikashuka uwanjani, ikazunguka mara moja na kuanza kuingia kwenye lile tundu la taa, nyuki maelfu, kwa utaratibu, kama watu wanaoingia kanisani. Nta ilikuwa imepata moto wa jua ndani ya bati, ikawaita.

Wageni walikimbilia barazani. Jirani mwenye shamba la kahawa akaleta bomba la kunyunyizia dawa.

"Pulizia hapo kwa shimo," mgeni mmoja akasema. "Dakika tano wamekwisha, na gari haiguswi."

Cucu alikuwa ametoka ndani. Alipita katikati ya nyuki kama mtu anayepita kwenye mvua nyepesi, akaweka sikio kwenye kona ya gari. Akanusa.

"Wewe wa bomba," akasema, "weka chini hiyo sumu." Kisha bila kugeuka: "Mzinga wa mume wangu uko humu ndani."

Nilijikojolea kidogo. Leo naandika hivyo bila aibu.

Baba akamtazama Murithi, maana gari lilikuwa la Murithi. Kule Meru pia watu wana mizinga. Murithi alivua kofia, akaishika kifuani. "Fundi," akasema, "mimi siwezi kukuambia ufungue. Lakini pia siwezi kukukataza."

Kwetu mwanamke hafungui mzinga wenye nyuki. Ilibidi awe baba. Alivaa koti la mvua, akachoma kipande cha gunia kutoa moshi, akachukua mkasi wa bati. Nimesikia sauti nyingi mbaya katika kazi hii, lakini hakuna iliyonikata kama ule mkasi ukipita kwenye rangi tuliyoisugua miezi minne. Alikata kona ya kulia, akakata ya kushoto, akatoa nusu ya kwanza na nyuki wake, akaifunika kwa nyingine, akazifunga kwa waya. Wageni waliondoka bila kunywa soda. Murithi alibaki hadi mwisho, na hakulaumu.

Kabla mzinga haujawekwa kivulini cucu aliinama juu yake. Mbao zote za gari lile baba alizipaka mafuta tu, hakuna hata moja aliyoipaka rangi. Lakini kwenye mgongo wa muringa, mahali pa alama, palikuwa na baka la rangi nyekundu ya chini, nene, tabaka juu ya tabaka. Cucu akaikwangua kwa ukucha. Duara likatokea, kisha mstari mmoja. Akainua macho.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa nikingoja anitazame mimi. Hakunitazama. Alimtazama baba, na baba akatazama mkasi uliokuwa mkononi mwake.

Sikupigwa siku ile, wala siku nyingine kwa jambo lile. Nilidhani nimeponea. Nilikua nikisimulia kwamba mimi ndiye niliyewahi kumdanganya fundi mkali kuliko wote Embu, na watu walicheka, nami nikaagiza soda za meza nzima.

Gari lilirudi Kiirua na mishono miwili nyuma, zuri kuliko mengine yote niliyowahi kuona, na halikuonyeshwa popote. Baba alirudi kwenye malori. Kila Agosti alikwenda Kiambere kumsaidia cucu kuvuna asali, akirudi na uso umevimba, na hakuniomba niende naye.

Kisha miaka michache iliyopita fundi wangu mmoja, mtu mzima, aliniletea taa ya gari la aina adimu, niliyoitafuta mwaka mzima kwa kazi iliyokuwa imenikwamia. Alisema amepewa na mtu asiyeitumia. Niliigeuza. Nyuma yake kulikuwa na herufi zilizochongwa kwa msumari, za mteja wangu wa zamani ambaye gari lake lilikuwa limevunjwa usiku. Nilizisoma vizuri.

"Mwambie huyo mtu asante," nikasema.

Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Nilikaa na ile taa mapajani mpaka mafundi wakaenda nyumbani, na nilipoirudisha kwa mwenyewe asubuhi, nilikuwa nimenyoa ndevu.