Sinia la Watu Watatu

Miaka ile ya kupunguza wafanyakazi, hapa Dodoma waliniita daktari wa vichaa. Ilinikera sana. Kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza watu waliochoshwa na kazi, na wengi wao walikuwa na akili timamu kuliko hao walionicheka. Tena waliopunguzwa hawakuja kwangu. Walikwenda kulima, kuuza vitunguu. Waliokuja ni waliobaki.

Mmoja aliletwa na mkewe. "Dada, mume wangu anakwisha," mama yule alisema. Mume alikuwa karani, Mgogo mpole, suruali kaikaza kwa kamba. Makarani wenzake wawili walipunguzwa, akaachiwa kazi za watu watatu, na chakula kikawa hakipiti. Nikamwambia apumzike.

"Nipumzike? Wakiniona nimepumzika, si na mimi nitaondoka?"



Mchana mmoja nikamfuata kwa mama ntilie, nyuma ya ofisi yao, nione anavyokula. Makarani wale watatu walikuwa wakila sinia moja siku zote, kila mtu na upande wake. Na sasa, peke yake, aliagiza vilevile: ugali, mlenda na nyama, chakula cha watu watatu. Akamega upande wake matonge mawili, akaishia hapo. Nikasogea nikae ng'ambo ya sinia.

"Hapo pana mtu," akasema, kwa upole kabisa.

Mama ntilie akageuza uso. Tangu siku hiyo, kila nilipovuta kiti kitupu nilisita kwanza, mimi niliyesomea mambo hayo!

Nikawatafuta wenzake. Nilimpata mmoja kule Msalato, anafyatua matofali. Huyu alikuwa Mhehe, mtani wake karani. Nikamweleza hali, akaja nami kwa mama ntilie, udongo bado kwenye viwiko.

Alinawa, hakusalimia mtu. Akanyofoa mnofu mbele ya mwenzake, akautia mdomoni.

"Aibu, mtani! Aliyefukuzwa mimi, unayekonda wewe!"

Karani alicheka mpaka akashika mbavu. Akala tonge, akaongeza jingine. Nikashusha pumzi, nikajipongeza moyoni.

Kisha akauliza, "Na mwenzetu je? Mbona hukuja naye?"

Mhehe akaacha kutafuna. "Tulimzika kule Mvumi, kabla ya mvua. Nilidhani unajua, ila umenyimwa ruhusa."

Mungu wangu. Nikajua basi, huyu hatakula tena. Karani aliutazama upande wa tatu, ugali mzima, haujaguswa.

"Kabla ya mvua," alisema. "Na mimi namwachia kila siku."

Akanyoosha mkono, akamega palepale, akachovya, akala huku machozi yakimtiririka. Mtani wake hakutania. Naye akamega. Waliumaliza upande ule wawili, na mimi sikuthubutu kuwatazama.