Mistari Sita ya Mama Niyubahwe

Mimi simwamini mtu haraka, na sioni haya kusema. Asubuhi moja nilipopita kando ya shamba la mama Niyubahwe, hapa Kagerankanda, nikaona mistari miwili ya mihogo imechimbwa na miti yake imelazwa pembeni, sikujiuliza mara mbili. Nilijua inakokwenda: kiwandani.

Kiwanda cha unga wa muhogo kilikuwa kimetufungia nje sisi wafanyakazi wake, wiki ya tatu sasa. Tuliomba mabuti na glovu, maana yale maji ya muhogo yalikuwa yanatuchubua miguu. Jumatatu tukakuta kufuli jipya getini na tangazo kwamba watatafutwa wafanyakazi wengine. Wakulima wakakaa kikao, wakasema hawakichimbii kiwanda hata muhogo mmoja mpaka turudishwe. Muhogo una subira. Ukiwa ardhini utakungoja hata mwaka, ila ukishachimbwa, siku ya tatu umeoza, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kuuleta kutoka mbali kwa barabara yetu hii mbovu. Lakini mkulima mmoja tu akivunja makubaliano, wengine wangemfuata, na kazi zetu ndiyo basi.

Na huyo mmoja, nilisema moyoni, ni Niyubahwe. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, karatasi ya uraia akaipata akiwa na wajukuu, na mpaka leo anakwenda nayo kwenye mfuko wa nailoni kila anapoitwa kikao, hata kikiwa cha mbuzi waliokula mahindi. Mtu anayetembea na karatasi ana lake jambo. Ndivyo nilivyofikiri, na sasa naona aibu.

Baada ya siku chache mistari ikawa minne. Nikamsimamisha njiani, nikamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama. Naona shamba linapungua."

"Mwakeye, mwanangu. Mihogo imekomaa," akajibu, akapita na jembe lake.

Jibu hilo la mkato lilininyima raha siku nzima. Jioni nilikula ugali wangu kwa hasira huku nikimweleza mke wangu, Winifrida. Akasema nisimsingizie mama wa watu, akaanza kukusanya vyombo. Nikamshuku hata yeye, kwa kuwa yeye na mama wanaimba kwaya moja.

Jumapili tulipokutana, wafanyakazi na wakulima, mistari ilikuwa imefika sita. Nikasimama nikasema yote. Watu wakanung'unika. Mkulima mmoja akasema kama ni hivyo, na yeye kesho anachimba. Castory, mwenyekiti wetu, akamgeukia mama.

"Mama, mihogo imekwenda wapi?"

Mama Niyubahwe aliushika mfuko wake wa nailoni magotini kwa mikono miwili. Kisha akanitazama mimi.

"Makarius, mwanangu, jana mlikula nini kwako?"

"Ugali."

"Unga mlitoa wapi?"

Sina shamba, nimepanga chumba. Unga wetu ulikwisha wiki ile ile ya kufuli, na mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuwahi kuliuliza.

Winifrida akasimama upande wa wanawake. "Mistari sita ni ya nyumba sita za waliofungiwa nje. Kila nyumba inachimba wake. Mama hataki mtu apewe chakula mkononi kama ombaomba, anakuonyesha mstari ukachimbe mwenyewe. Na waume zetu hatukuwaambia, maana mngejifanya mmeshiba." Wanawake wengine watano wakasimama nyuma yake.

Yule aliyetaka kuchimba akaketi. Nilitamani ardhi inimeze, na nilimwomba mama radhi mbele za watu, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida.

Tulipotoka akaniita. "Mstari wenu ni ule wa kwanza. Yamebaki mashina manne. Winifrida anaumwa mgongo, kesho uje wewe."

Nilikwenda kabla jua halijapanda. Nilichimba nimeinama muda wote, nikiogopa asije akapita mtu mwenye macho kama yangu.