Jino la Rae

Kaka yangu Estil ana kichwa kigumu, na simsingizii. Alichimba makaa ya mawe chini ya milima hii ya Kentucky mpaka mgongo ukamkatalia, akafiwa na mke, akabaki na binti mmoja, Raelynn, ambaye sote tunamwita Rae. Kati ya nyumba yangu na yake kuna bustani ya maharage tu. Ninayoyasema nimeyaona mwenyewe.

Hapa kwetu Otter Lick hatuna daktari wa meno. Mama yetu alipokaribia kuolewa, baba yake alimpeleka mjini akang'olewa meno yote, mazima kwa mabovu, akawekewa ya bandia, ili mume asije akaingia gharama. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi ya harusi. Rae alipokuwa mdogo alipenda kuyatazama yale meno yamelala kwenye glasi ya maji. Siku moja akauliza, "Bibi, ulilia?" Mama akamjibu, "Nilikula keki, mjukuu wangu. Nani alie siku ya harusi yake?" Mtoto hakusadiki hata kidogo. Tangu siku hiyo wimbo ukawa mmoja: nitasomea meno, nitarudi hapa hapa.

Haya, kusomea ni kusomea, lakini ada? Ada ya mwaka mmoja ilizidi bei ya nyumba ya Estil pamoja na gari lake bovu. Chuo kikampa ufadhili wa watoto wa milimani, kikalipa mwaka wa kwanza, kwa sharti kwamba akihitimu arudi kutibu watu wa milimani. Na miaka mitatu iliyobaki? Hiyo ikachukuliwa na jeshi. Jeshi likalipa kila kitu na posho ya kula juu, naye alitumikie miaka mitatu popote litakapomtuma. Chuo kikasema sawa, jeshi lianze, sisi tutasubiri.

Mimi sikupenda. Nikamwambia kaka yangu, "Estil, huyo mtoto sasa ana mabwana wawili. Sisi tutampata lini?"

"Basi mlipie wewe, Nadine, na hiyo saluni yako ya viti viwili."

Nikafyata mkia. Nikarudi kwa wateja wangu.

Mwaka wa mwisho ukaja mtihani wa vitendo, na kule kila mwanafunzi hujitafutia mgonjwa mwenye jino linalofaa. Wenzake wanahangaika kutafuta watu, Rae akampigia baba yake. Estil akavaa suti yake ya misibani, akaendesha gari mwendo wa saa tatu kwenda kuzibwa gego. Alirudi mdomo umepinda kwa ganzi, mate yanamchuruzika, anacheka peke yake. "Nadine, mtoto ana mkono mwepesi! Hata sikusikia!" Kuanzia hapo gego lile likawa na jina, jino la Rae. Akawa analipiga mswaki mara mbili ya mengine, mtu mzima huyo.

Kisha Rae akahitimu, akala kiapo, akavaa magwanda, akapelekwa Korea. Kwenye uwanja wa ndege Estil akamwambia mbele ya watu, "Kinywa hiki hakiguswi na mtu mwingine mpaka urudi."

"Baba, acha mambo yako," Rae akasema, lakini niliona amefurahi.

Ikawa kila Jumapili ni simu ya picha. Kwetu jua linazama, kwake linachomoza. Atauliza maharage yamechipua, mto umejaa, nani kazaa, nani kahama. Siku moja akatuambia mpishi wa kambi alimwokea mkate wa mahindi akautia sukari, naye akatoka nje kulia. Sukari kwenye mkate wa mahindi, jamani, wakati kwetu hautiwi hata chembe! Kilichomliza hakikuwa mkate, na sote tulijua.

Majira ya baridi ya pili jino la Rae likaanza kuuma. Shavu la Estil likafura. Jumapili akawa anageuza simu aonekane upande mmoja tu, kama bibi harusi anayeona haya. Hakuweza tena kutafuna hata maharage laini.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamwambia.

"Linaloniuma si tumbo."

Akashikwa na homa. Hapo nikaogopa kwelikweli, maana usaha wa jino umeshaua watu bondeni kwetu. Nilimbembeleza aende mjini, nikatukana, wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Halafu zikaja habari kwamba kikosi cha madaktari wa jeshi kitakaa wiki nzima kwenye ukumbi wa michezo wa sekondari yetu, kinatibu bure. Estil akanyoa ndevu. Akapiga pasi shati.

"Rae atakuwemo," akasema.

"Aliomba aletwe, wakamkatalia. Si alikuambia?"

"Wakubwa hubadili mawazo. Na mtoto yule anapenda kushtukiza watu."

Nilimtazama na lile shavu lake na lile shati lake, nikamwonea huruma. Nikachukua ufunguo wa gari.

Ukumbini viti vya wagonjwa vilipangwa chini ya goli la mpira wa kikapu. Kando ya kiti cha mwisho alisimama mwanamke ametupa mgongo, mwembamba, nywele nyeusi kazifunga kisogoni vile vile.

"Rae!" Estil akaita.

Ukumbi mzima ukageuka, na yule mwanamke pia. Hakuwa Rae. Kifuani ameandikwa jina Ybarra, na cheo cha kapteni.

Estil akashika njia ya kutoka. Nikamng'ang'ania mkono wa shati. "Ukitoka hapa utakufa, mjinga wewe, halafu mtoto arudi kutibu kaburi!" Ndipo yule kapteni akatufuata mwenyewe.

"Rae ni nani, mzee?"

"Binti yangu. Ni daktari wa meno kama wewe, yuko Korea. Hili jino ni lake."

Kapteni akavua glavu zake. "Baba yangu anafuga mbuzi Texas," akasema. "Naye kagoma kufunguliwa kinywa na mtu mwingine ila mimi. Sasa nimkaripie nani, yeye au wewe?"

Estil akamtazama sana. Kisha akaenda kukaa kitini, taratibu.

Kapteni akachungulia, akagonga gonga. "Palipozibwa pazima kabisa," akasema. "Jino limepasuka upande wa pili mpaka kwenye mzizi. Lazima litoke." Ganzi ilishashika, Estil hakusikia maumivu yoyote, na bado machozi yalimtiririka mpaka masikioni. Yule binti wa mfuga mbuzi aliyapangusa.

Jumapili kaka yangu hakugeuza shavu. Alipanua kinywa mbele ya simu. Rae, na magwanda yake, akasogea, akatazama lile pengo kitambo kirefu.

"Ni langu?"

"Ndilo."

"Niliziba vibaya?"

"Hapana, mama. Mwenzako kasema kazi yako nzima. Jino ndilo limechoka kungoja."

Rae akajifunika uso. Mimi nilikuwa karibu kuinyakua simu nipige kelele arudi leo leo, jeshi na chuo waende wakadaiane wenyewe. Baadaye akajifuta, akasema kwa sauti ya kidaktari, "Mengine yakiuma utafanyaje, baba?"

Nilijua ataapa tena, kichwa kigumu yule. Hakuapa.

"Yakiuma nitakwenda kwa mtoto wa mtu yeyote aliye karibu," akasema. "Nilishikilia jino, kumbe ninayemtaka ni wewe. Njoo tu, Rae, hata ukinikuta na ufizi mtupu."